Jengo Kuukuu, Maegesho Mapya: Mkazi Aseme Lini?

Mtu anayeingia Homa Bay au Migori mjini kwa gari adhuhuri ya siku ya soko hahitaji kuelezwa shida ya maegesho. Atazunguka mara ya kwanza, atazunguka mara ya pili, na mwishowe atasimamisha gari mbele ya duka la mtu. Mwenye duka atanung'unika kwa sababu wateja wake hawaoni mlango. Dereva wa matatu atapiga honi. Basi mtu akisimama katika kikao cha wadi na kusema kwamba lile duka kuukuu la kona halina kazi, libomolewe tupate mahali pa magari, wengi watampigia makofi. Nao si wajinga.

Somo la toleo hili linahusu muda ulioko kati ya makofi hayo na siku tingatinga linapofika. Hatuandiki kwa sababu ya ploti fulani. Tunaandika kwa sababu jengo la kale huwa limeshapotea kwenye karatasi miezi mingi kabla ya ukuta wa kwanza kuanguka, na wakazi wengi hupata habari siku ya vumbi. Siku hiyo hata mwenye hoja nzuri amechelewa.

Majengo yapi?

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, huku kwetu ziwa ndilo lililokuwa barabara kuu. Meli za mvuke na majahazi zilileta nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zikarudi na nafaka, ngozi na baadaye pamba. Penye gati palizuka maduka, na mengi ya maduka hayo yalijengwa na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi pamoja na mafundi wa hapa hapa. Utayatambua ukiyatazama vizuri: baraza ndefu mbele yenye nguzo, milango ya mbao inayokunjwa, paa la mabati lenye mteremko mkali, ua nyuma ambako familia iliishi. Mara nyingine juu ya paji la jengo pameandikwa mwaka kwa plasta. Kendu Bay inajulikana mpaka leo kwa msikiti wake wa kale, na ukitembea mitaa yake ya zamani unaona mji ulioanza kwa kutazama maji, si lami.

Wapo watakaosema hayo si yetu, ni ya Wahindi na ya wakoloni. Tunaelewa maneno hayo, lakini hatukubaliani nayo. Katika baraza hizo ndipo babu zetu walipouza pamba na karanga, walipokopeshwa, walipopunjwa na wao pia wakajifunza kupunja mizani, walipoagiza baiskeli ya kwanza ya ukoo. Jengo linaweza kuwa la jina la mtu mmoja na kumbukumbu ya watu elfu.

Tukumbuke pia kwamba kuhifadhi si mambo ya kuletewa. Kaunti ya Migori inayo Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa takriban karne ya 16 bila saruji wala udongo wa kuunganishia, kuta zake zikiwa na unene wa mita 1 hadi 3 na urefu unaofika mita 4.2. Mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Halikusimama miaka yote hiyo kwa bahati. Jamii mbalimbali zilizopita pale zilirekebisha zilichokikuta badala ya kukivunja na kuanza upya. Huko Rusinga, kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969, limejengewa nyumba yenye umbo la risasi, na watoto wa shule hupelekwa kuliona. Mahali kama hapo hapana mtu atakayethubutu kupendekeza maegesho. Hatari iko kwa majengo ya katikati ya mji, yale ambayo kila mtu ameyaona na hakuna aliyeyaandika.

Kwanza hesabu, kisha tingatinga

Tuanze na haja yenyewe ya maegesho, maana mara nyingi watetezi wa majengo hushindwa kwa kuipuuza. Chukua ploti ya kawaida ya mjini, futi 50 kwa 100. Hiyo ni takriban mita 465 za mraba. Gari dogo likisimama linahitaji kama mita 2.5 kwa 5, lakini lazima pia liwe na njia ya kuingia, kugeuza na kutoka, kwa hiyo wapangaji huhesabu takriban mita 25 za mraba kwa kila gari. Gawanya: ploti nzima, baada ya kubomoa kila kitu, inatoa nafasi za magari 18 hivi.

Kumi na nane. Ni afadhali kuliko bure, lakini si suluhisho la mji.

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme kando ya barabara hiyo hiyo tayari kuna nafasi 18, na zote zinajazwa saa mbili asubuhi na magari ya wenye maduka na wafanyakazi wa ofisi, yakabaki hapo hadi jioni. Nafasi hizo zinahudumia magari 18 kwa siku. Zikiwekewa kikomo cha saa mbili, katika siku ya kazi ya saa nane kila nafasi inahudumia magari manne, jumla 72. Nyongeza ya magari 54 imepatikana kwa kibao, rangi na askari wa kaunti mwenye daftari. Ukitaka kuipata nyongeza hiyo kwa kubomoa, na maegesho mapya nayo yajazwe na magari ya kushinda kutwa, utahitaji ploti tatu.

Mkazi yeyote anaweza kufanya uchunguzi huu bila kusubiri mtaalamu. Chagua barabara moja. Pita saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, ukiandika herufi na tarakimu za mwisho za namba za magari yaliyoegeshwa. Gari linalotokea mara zote tatu limeshinda hapo. Hesabu pia bodaboda, kwa sababu katika miji yetu wateja wengi huja kwa pikipiki na stendi yao huchukua sehemu ndogo sana ya ardhi. Angalia kama kuna ploti tupu karibu, yadi ya magari mabovu, au uwanja wa ofisi ya umma unaokaa wazi. Fanya hivyo siku ya soko na siku ya kawaida. Karatasi hiyo moja ina nguvu katika kikao kuliko hotuba ya nusu saa kuhusu urithi wa mababu.

Inawezekana hesabu ikaonyesha kwamba maegesho yanahitajika kweli na hakuna mahali pengine. Hapo angalau mtajua mnatoa nini ili kupata nini.

Mkono mmoja, kazi mbili

Jambo ambalo wakazi wengi hawalijui ni hili: chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, maegesho na trafiki mjini ni kazi ya kaunti. Mipango ya ardhi na ujenzi pia ni kazi ya kaunti. Na shughuli za utamaduni, pamoja na makumbusho, vilevile ni za kaunti. Serikali ya Kitaifa imebaki na majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Maana yake ni kwamba duka la kale ambalo halijatangazwa kitaifa liko mikononi mwa serikali ile ile inayotafuta nafasi za magari. Idara moja inapokea malalamiko ya madereva kila siku. Ile ya utamaduni hailalamikiwi na jengo, kwa kuwa jengo halina simu. Mizani hiyo haiwezi kukaa sawa bila sauti ya wakazi, na tunalisema hili tukiwa chapisho la kaunti.

Yaliyotokea Nairobi

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu si jengo bali bustani. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyekuwa mkandarasi wa Reli ya Uganda, aliwapa wakazi wa Nairobi bustani katikati ya mji mwaka 1906. Hadi leo inaitwa kwa jina lake. Watu hupumzika pale, wahubiri huhubiri, wasio na kazi hubishana siasa chini ya miti. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga hapo maegesho ya ghorofa pamoja na maduka. Sababu ilikuwa ile ile tunayoijua: magari yamekuwa mengi, nafasi hakuna.

Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama hadharani kupinga. Wangari Maathai, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepigania Uhuru Park isijengwe ghorofa refu, alikuwa upande wake, na wakazi wa kawaida wakaungana nao. Mpango ukaachwa. Angalia silaha walizokuwa nazo: wakati ule hapakuwa na Katiba inayodai ushirikishwaji wa umma, wala serikali za kaunti, wala sheria ya kupata habari. Walikuwa na ukweli mmoja ambao haukuweza kupingwa, kwamba eneo lile lilitolewa kwa ajili ya watu wote, na mtu aliyeweza kuieleza historia hiyo kwa tarehe na majina. Bila kumbukumbu hiyo pangekuwa ploti tu yenye miti.

Mbali zaidi kuna mji wa Detroit, Marekani, ambako Michigan Theatre, jumba la maonyesho lililojengwa mwaka 1926, liligeuzwa maegesho katika miaka ya 1970. Halikuvunjwa lote kwa sababu kuubomoa ukumbi kungehatarisha jengo la ofisi lililoshikana nao. Magari yakaegeshwa chini ya dari yenye nakshi za plasta, na watalii huenda kupiga picha. Kichekesho ni kwamba jumba hilo lilijengwa pale pale ilipokuwa karakana ambamo Henry Ford aliunda gari lake la kwanza.

Kuandikwa kwenye orodha nako hakutoshi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa matengenezo, watu wawili wakafa. Jengo likishalindwa dhidi ya tingatinga, bado kuna mvua, mchwa na paa linalovuja.

Mwenye jengo naye

Si haki kumwambia mtu asiguse mali yake kisha tukaondoka. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu binafsi, na mwenye jengo ana kodi za kulipa na watoto wa kusomesha. Ikiwa jengo la kale halimwingizii kitu, atalibomoa usiku.

Kinachookoa majengo mengi ni kupewa kazi mpya. Kipande House jijini Nairobi, jengo la mwaka 1913, lilitumika kutoa vile vipande ambavyo Mwafrika alilazimishwa kuvaa shingoni. Lingekuwa na sababu ya kuchukiwa kuliko duka lolote la Kendu Bay. Leo ni benki, wateja wanaingia na kutoka, na historia yake inasimuliwa. Karibu na Nyayo House, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, sasa ni jumba la sanaa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Katika mji mdogo kazi mpya inaweza kuwa hoteli ya samaki, maktaba ya wadi, ofisi ya ushirika au duka la dawa. Baraza kubwa ya mbele ni kivuli ambacho majengo mapya ya vioo hayana, na katika joto la kando ya ziwa kivuli ni mtaji.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kukarabati: kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa. Zinapumua. Fundi akizipaka saruji ngumu, maji yananaswa ndani na ukuta unaanza kuoza kutokea katikati, na baada ya miaka michache utaambiwa jengo ni bovu halifai. Mwulize fundi kama anajua plasta ya chokaa kabla hujamlipa.

Milango ya kusema

Ikiwa maegesho ni mradi wa kaunti wenyewe, hayatokei ghafla. Lazima yaonekane kwanza katika mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, kisha katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufikishwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Vikao vya maoni ya umma vinavyotangazwa nyakati hizo ndivyo vya kuhudhuria. Mwezi wa Juni umechelewa.

Ikiwa ni ploti ya mtu binafsi, kugeuza duka kuwa maegesho ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 kunahitaji kibali cha kaunti. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma na kualika pingamizi. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini: mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, sheria inahesabu kwamba amekubaliwa. Kwa hiyo ukimya wa ofisi si ulinzi. Mtu akiona tangazo limebandikwa kwenye lango, aandike pingamizi siku hiyo hiyo, alipeleke kwa idara ya ardhi na mipango, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kibali kikitolewa na wewe ukaona umeumizwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi. Kamati nayo ina siku 14 za kuamua. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni kidogo sana kwa mtu anayeanza kutafuta historia ya jengo. Ni nyingi kwa aliye nayo tayari kwenye faili.

Usiponyimwa wala kupewa habari, sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa ofisi ya umma ukaomba nakala ya mpango au ombi la kibali. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Pia mkazi yeyote anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa karani wa Bunge la Kaunti, bila wakili na bila ada ya wakili.

Mlango wa mwisho ndio mrefu zaidi. Chini ya sheria ya makavazi na urithi ya 2006, waziri wa kitaifa, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, anaweza kutangaza jengo kuwa la kulindwa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo hutoa miezi miwili ya pingamizi, na ni hapo mwenye jengo anapopata nafasi ya kusema. Mapendekezo yanaweza kuanzia kwa wakazi. Lakini Makavazi hayatapokea hisia; yatauliza jengo lina umri gani, lilijengwa na nani, lina nini ambacho mengine hayana.

Kazi ya kufanya kabla ya toleo lijalo

Vikundi vya vijana, shule na vyama vya wazee vinaweza kuigawana mitaa. Kwa kila jengo linaloonekana kuwa la kabla ya Uhuru, chukueni daftari na simu yenye kamera.

Pigeni picha ya mbele, ya kila upande na ya paji la jengo. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia ndani au uani. Pimeni urefu na upana kwa hatua kama hamna tepu. Andikeni kuta ni za nini, paa ni la nini, milango ni ya awali au imebadilishwa, na kama kuna tarehe yoyote iliyoandikwa. Kisha mtafuteni mtu mzima kuliko wote mtaani hapo, mketi naye, mumwulize jengo lilikuwa duka la nini, nani alipanga, pamba ilipimiwa wapi, nani alizaliwa chumba cha nyuma. Mwandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa Dholuo, Kikuria, Kisuba au Kiswahili, na tarehe ya mazungumzo. Ulizeni pia ardhi ni ya nani na kama ni ya kupangishwa na serikali, kwa kuwa ploti nyingi za miji ya zamani zilitolewa kwa muda, na muda huo ukiisha bila mtu kufuatilia, mazungumzo ya maegesho huanza.

Tengenezeni nakala tatu. Moja ibaki kwa kikundi, moja ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, ya tatu kwa idara ya utamaduni ya kaunti. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na juu yake paandikwe namba ya ploti.